Kinu cha Nyuklia Nyuma ya Ghala

Wenzangu wa Laela, leo nimeaibika mchana kweupe, na nawaandikia upesi kabla dereva wa basi hajawafikishia habari kwa maneno yake.

Mnanijua. Niliishia darasa la tatu, lakini nimeunda baiskeli mbili na redio ya betri sita, vyote kwa mikono hii. Kijiji chetu kimepata mashine ya kusaga, na leo kamati ilikuwa ikichagua mwendeshaji baada ya kisomo cha watu wazima. Nani mwingine kama si mimi? (Ndivyo nilivyoamka nikiwaza.)

Sasa, redioni nilisikia jambo lililonikaa moyoni. Ukienda mbali sana huko angani, jua hufifia, likawa dogo kama punje ya ulezi. Chombo kinachofika huko lazima kibebe moto wake. Basi wataalamu wanapanga kukitilia kinu cha nyuklia: kiini kimoja kinapasuka, vipande vyake vinapasua viini vingine, joto linatoka, linageuzwa umeme. Hakuna kuni, hakuna moshi. Tangu siku hiyo, nikishika jembe nakiona kile chombo kinapita gizani peke yake, kimya, kaa lake tumboni, miaka na miaka.

Nikaona niwaoneshe kamati wajue wanampa mashine mtu wa namna gani. Nikawapanga wanakisomo mteremkoni, nyuma ya ghala, kamati wakiwa wamekaa chini yao na nusu pipa la togwa.

"Ninyi ni viini. Ukisukumwa, sukuma wawili."

Mama mkwe wangu, naye mwanakisomo, akageuza uso pembeni, kama mila ya wakwe inavyotaka. "Mwalimu, muulize mkwe wangu, kitasimamaje?"

"Mwalimu, mwambie mama, ndani ya kinu huwekwa fito za kuzuia. Ufito ni mimi."

Nikasimama chini kabisa, mikono nimeitanua. Mwalimu akamsukuma wa kwanza. Mmoja, wawili, wanne. Jamani, ilipendeza. Upepo unavuma, nyasi zinalala, na mimi nimeshafika kule jua linakoishia.

Kishindo kikanizindua. Aliyekuwa akinijia mzimamzima, mikono mbele, ni mama mkwe.

Sasa niambieni. Mkwe unamdaka vipi? Nikaruka kando. Ufito ukachomoka. Darasa zima likamiminika juu ya kamati, na mimi nikajikuta nimekaa ndani ya lile pipa lao la togwa. (Ilikuwa bado ya moto.)

"Kaeni chini kila mtu alipo," ikasema sauti ya mama mkwe kutoka nyasini. Wakakaa. Kinu kikazima.

Mwenyekiti akaokota kofia yake. "Bwana fundi, na mashine ikichachamaa, utaipisha hivihivi kwa heshima?"

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi wangecheka. Walikuwa wanafikiri.

"Aliyewazima hawa ni nani?" akauliza. Vidole vyote vikaelekea upande mmoja.

Basi mwendesha mashine ni mama mkwe. Kuanzia kesho nitatua debe langu la mahindi hatua ishirini kutoka mlangoni, nigeuze uso, nikohoe, nisubiri. Mkipita njia hiyo mkanikuta, nisalimieni tu kama watu wasiojua lolote.