Mshenga Asiyejua Kuwa Harusi Imekwisha

Palma, 6 Juni 2013

Kwako Senhor Adérito, Mkuu wa Kompyuta, Kambi ya Gesi.

...na tena, Senhor, baada ya kuachana nawe langoni juzi, nilikumbuka mambo ambayo aibu ilinizuia kuyasema. Nayaandika sasa kwa heshima zote, mimi bibi harusi wa wiki tano, ambaye bado nikishona na kusikia jina la Bacar, mume wangu na mfanyakazi wenu, hujichoma kidole kwa sindano.

Ulinieleza kwamba umeweka programu ya kati, proksi. Programu yoyote ya kompyuta za ofisi ikituma kitu nje au ikipokea cha nje, hupitia hapo kwanza. Proksi hufungua, husoma, hunakili, hufunga, ndipo hupeleka. Nimeelewa vizuri, nimemaliza darasa la kumi na mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mtu wa kati ni mshenga. Mshenga wetu, Mzee Sufo, alibeba barua za Bacar kutoka kijijini kwao Mute miezi minne bila kufungua hata moja, ingawa zilibandikwa kwa uji wa muhogo tu. Tukamlisha, tukampa kanzu, ndoa ikafungwa, akaenda zake. Wewe umeanza kazi baada ya ndoa. Nani alikutuma?

2. Ulisema programu ya maongezi haishtuki, kwa kuwa proksi huionyesha cheti ilichojitengenezea yenyewe, kinachosema "mimi ndiye unayemtafuta". Senhor! Cheti changu kiliandikwa na shehe, baba yangu yupo, mashahidi wawili wapo.

3. Wiki iliyopita nilimwandikia mume wangu: "Nuru ya macho yangu, kaletwa mkubwa kutoka Rongui, wahi, usimwambie mtu." Mkaandika kwamba siri ya gesi imevuja. Sasa Bacar atahojiwa Jumatatu, na huenda akaachishwa kazi. Alikuwa pweza wa kisiwani Rongui. Tulimla kwa nazi. Hakutakiwa kumwambia mtu kwa sababu ana kaka sita, na wote wanajua njia ya jikoni kwangu.

4. Shairi langu la beti tisa, kuhusu shingo yake, umeliandikia pembeni "taka". Taka! Nilipolipeleka mara ya kwanza kabla ya ndoa, kwa karatasi, Mzee Sufo hakulisoma, lakini alilibeba kwa mikono miwili.

5. Kwa hiyo naomba shauri la Bacar lifutwe kabla ya Jumatatu. Kisha uondoe proksi, au uje kwetu na Dona Elsa mkeo, ule, uvae kanzu, nasi tutangaze mbele ya watu kwamba kazi yako ya ushenga imekwisha. Mke na mume wanaopendana hawachunguzani; sembuse mtu wa kambini.

Nisalimie Dona Elsa, walinzi wa lango, na Zacarias wa jikoni aliyenipa kiti.

Mimi niliyejaa furaha,
Mariamo wa Bacar

N.B. Programu kama yako nami nimeipata, nikaiweka kwenye kompyuta ya Bacar alipokuja nayo jana, kwa mapenzi tu. Nimeona kitu kidogo kinatumwa kila baada ya dakika tano kwa anwani isiyo yangu, hata mwenyewe akiwa msikitini. Ni nani huyo? Jumatatu msifute kitu. Mhojini, na hilo mumuulize. Yangu ni ya bure, hukoma baada ya siku thelathini, kwa hiyo yako usiiondoe. Nakuja kambini kabla mwezi haujaisha, unifundishe kuisoma.