Vita vya Editha wa Kiwalani na Printa Iliyonyamazishwa

Sogeeni, enyi mliowahi kusimama mbele ya printa iliyogoma. Tegeni masikio, enyi mnaobonyeza "Kubali" pasipo kusoma! Hivi ndivyo vita vya Editha binti Augustine, Malkia wa Steshenari, Mshika Stepla wa Kiwalani, ambaye kompyuta yake iliendeshwa na mfumo wa bure aliowekewa na kaka yake Benedikto.

Jumamosi hiyo bando lake la wiki lilibakiza saa moja kuisha, na ndani yake mna GB tatu nzima. Editha hakuzaliwa aone bando likioza. Akauamuru mfumo ujisasishe wote, akajipongeza, na saa sita kamili bando likakata roho.

Kumbe huko mbali, nchi asizozijua, waliketi watunza vifurushi, wale wanaoamua programu ipi ije na mfumo na ipi iachwe nje. Wakajadiliana kwa barua pepe, wakahukumu: dreva za printa kuukuu, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuiamuru printa, zitolewe, ziwekwe katika kifurushi cha peke yake, mwenye haja ajitafutie. Nia yao ilikuwa njema, mfumo uwe mwepesi. Ila katika baraza lile tukufu hapakuwa na hata mmoja mwenye printa kama ya Editha.

Saa saba akaingia Marietha, aliyefiwa na mama yake, na flashi mkononi. Ndani yake mlikuwa na wasifu wa marehemu, wa kusomwa kanisani saa nane. Editha akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Dada, sasa mie nitasoma nini mbele za watu?" Marietha akauliza. "Na kwa Hamoud, steshenari ile nyingine, pamefungwa."

Aibu ikamshika Editha hadi masikioni. Akampigia kaka yake.

"Shikamoo kaka. Printa imekufa."

"Marahaba. Haijafa, wameitoa dreva yake. Si uliapdeti?"

"Bando lilikuwa linaisha!"

"Haya, nakutumia kwa meseji jina la kifurushi chenye dreva hiyo. Ni kidogo tu, kipakue uingize."

Hapo Editha akainuka, rula mkononi, akaikabili skrini.

"Enyi mabwana wa vifurushi! Mmeing'oa dreva yangu pasipo kuniuliza, nami nairudisha, tena leo, tena kabla ya saa nane! Marietha, mwana wa marehemu, washa hotspot ya simu yako, unigawie bando!"

"Nimewasha, dada. Fanya haraka tu."

Akaandika jina lile herufi kwa herufi, akakosea, akaandika upya. Nywila ikamkataa mara mbili. Mstari wa upakuaji ukatambaa hadi asilimia tisini, ukasimama, Editha akaacha kupumua, ukamalizika. Printa ikakohoa na kuitema karatasi.

Marietha akaisoma papo hapo, hadi palipoandikwa kwamba mama yake aliuza vitumbua miaka thelathini akasomesha watoto sita. Machozi yakamtoka. Akamkumbatia Editha, akatoka mbio.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za Kiwalani: saa saba na dakika thelathini na nane, Editha binti Augustine alichapa ukurasa mmoja. Watunza vifurushi hawakupata habari. Kanisani, wasifu wa mama wa watu ukasomwa mpaka nukta ya mwisho.