Mgao wa Kivuli Katika Bustani ya Bure

Nina heshima kubwa kuwatangazia wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba kivuli cha bustani yetu ya kale sasa kimewekewa utaratibu. Zamani kilikuwa kinaanguka ovyo tu, juu ya yeyote.

Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Kivuli, upande wa wazee. Mkurugenzi wa bustani aliniteua kwa sababu siku aliyopita kutafuta mjumbe, wenzangu wote walikuwa wamelala kwenye nyasi. Mimi peke yangu nilikuwa macho, nashona kifungo cha gauni.

Tatizo lilikuwa wazi. Kuingia bustanini ni bure, kwa hiyo watu wanaingia. Mkurugenzi akitoka ofisini kupunga upepo, anakuta chini ya mkuyu mkubwa muuza karanga anakoroma, na dada yangu kajinyoosha chali. Dada moyo wake umetanuka. Daktari kamkataza joto, na chumba chetu cha bati mchana ni tanuri, ndiyo maana kila siku namkokota hadi mkuyuni. Pasipo mkuyu ule, sijui ningempeleka wapi.

“Kivuli ni rasilimali,” Mkurugenzi alituambia kikaoni, “na rasilimali isiyo na mipaka ni vurugu.”

Tukapiga makofi.

Asubuhi ya uzinduzi alikuja fundi na ndoo ya rangi nyeupe. Akafuatisha ukingo wa kivuli juu ya nyasi, tawi kwa tawi, taratibu kama anayekata kitambaa cha bibi harusi. Ndani ya mstari pakawekwa viti na kibao: KIVULI CHA VIONGOZI. Upande wa pili wa mti, jua linakowaka, kibao kingine: ENEO LA MWANGA WA UMMA. Hakuna kuvuka, huku wala kule, ili kuepusha mwingiliano wa madaraka.

Nilinyoosha mkono. “Mheshimiwa, na jua likihama?”

“Jua limeshapewa taarifa, bibi.”

Nikaridhika.

Dada, aliyeketi nami upande wa jua, hakuridhika. “Yaani wewe, tumbo moja mimi na wewe, umekaa kwenye kamati ya kunianika kama dagaa?”

“Si kukuanika, dada. Umegawiwa mwanga.”

“Kajigawie mwenyewe!”

Pumzi zilikuwa zinamkatika. Nililowesha kitambaa nikamwekea kifuani. Nikajiambia mambo mapya huwa magumu mwanzoni.

Mkurugenzi akaanza hotuba. Aliipenda, kwa hiyo haikuisha. Jua nalo likapanda, likavuka mti. Kivuli kikawatoka viongozi miguuni, kikawatoka mapajani, mwisho kikauacha upara wa Mkurugenzi unang’aa kama sufuria mpya. Hakusogea. Rangi ilisema yuko kivulini. Naibu wake akafungua mwavuli.

“Funga hiyo!” Mkurugenzi akamnong’oneza. “Unataka watu waseme hapa kuna jua?”

Upande wetu, kivuli kilikuwa kimefika chenyewe, bila mwaliko. Pumzi za dada zikatulia. Muuza karanga akaanza kukoroma.

Mkurugenzi akatuona. “Mlinzi! Waondoe wale kivulini!”

Mlinzi akapiga saluti, akasoma kibao. “Mheshimiwa, wale wako kwenye mwanga.”

“Huoni kwa macho yako?”

“Naona, mzee. Lakini mwenzangu alifukuzwa kwa kuona.”

Mkurugenzi akaja mwenyewe, anayumba, shati limemgandia mgongoni. Nikasimama mbele yake, maana mimi ni mjumbe.

“Mheshimiwa, viongozi hawaruhusiwi huku.”

“Bibi, nakufa.”

Dada akafumbua jicho moja. “Rudi kwenye kivuli chako, mwanangu. Si umekipaka rangi mwenyewe?”

“Basi jamani! Kuanzia sasa mimi si Mkurugenzi! Mimi ni mwananchi wa kawaida!”

Hapo kanuni ilikuwa haina neno. Nikampisha, dada akakunja miguu kumpa nafasi, naye akaanguka kwenye nyasi kama gunia.

Naibu alikuwa amesikia. Hakuchelewa. Akahamia kile kiti cha katikati alichokiacha Mkurugenzi, akafunga vifungo vyote vya koti, jua likimchoma usoni, akatutangazia kwamba kivuli hakijawahi kuwa kizuri namna hii.