Buni kwa Goretti

Jumatatu, 17 Januari 1966

Goretti anaondoka. Jumatatu ijayo, kwa treni, anakwenda Kampala kusomea uuguzi. Nimeisikia habari yenyewe kwaya ilipokuwa ikipumzika, nikiwa nyuma ya kinanda ninakojificha siku zote. Alikuwa akimwambia Selpher kwamba hapa Tororo hatakumbuka kitu kama ile supu ya Kivietnam ambayo Sista Klotilda aliwapikia wasichana wa jikoni Krismasi. Sista alifundisha Saigon miaka mingi. Supu ya bun, alisema Goretti. Akafumba macho. Bun!

Sisi wengine Vietnam tunaijua kwa vita vya redioni tu. Kumbe wana supu ya kumfanya Goretti afumbe macho.

Nimeamua. Maneno siyawezi, nimejaribu tangu darasa la sita. Basi nitapika bun, atakula, ataelewa kila kitu kabla treni haijaondoka.

Balaa moja. Wanjala alikuwa mlangoni na baisikeli yake, naye amesikia. Akasema kwa sauti kwamba jambo dogo hilo, dada, ataletewa. Wanjala huyu hutoka Busia, ng'ambo ya Kenya, na ulimi wake haujawahi kukwama hata siku moja.

Jumatano, 19 Januari

Sista yuko Nagongera kwenye mafungo hadi Jumapili. Wa kumwuliza hayupo. Kumwuliza Goretti mwenyewe? Afadhali nife.

Lakini nimesoma! Bun kwa Kiingereza ni skonzi, kila mtoto wa shule anajua. Nikachemsha mifupa ya ng'ombe na tangawizi, nikatumbukiza skonzi.

Zikavimba. Zikapasuka. Ikawa kama gundi ya kubandikia mabango. Mama akauliza ni nani mgonjwa. Mbwa akanusa, akaenda kulala kwa jirani.

Hakuna mtu duniani anayeweza kufumbia macho kitu kile kwa raha.

Alhamisi, 20 Januari

Nimekwenda Busia kwa shangazi Edah. Nikajifanya namwuliza kwa niaba ya rafiki. Shangazi akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Akasema, "We Rasto, shule yote hiyo! Buni si ni kahawa mbichi?"

Jamani! Nilikuwa kipofu. Book ni buku, bank ni benki, bun ni buni! Wazungu ndio wanaomeza herufi ya mwisho. Skonzi ilikuwa kosa la kusoma lugha moja sana kuliko nyingine.

Mzee Omaido, anayenunua kahawa kutoka Bugisu, kanijazia mfuko. Aliuliza nachoma au nasaga. Nikamwambia natengeneza supu. Alinitazama kwa huruma sana.

Wakati wa kurudi nilipitia duka la Mhindi kununua mdalasini. Nikaegemea gunia la tambi, nikaota. Goretti, bakuli, macho yamefumba.

Jumamosi, 22 Januari

Nimepika tangu asubuhi. Supu imekuwa nyeusi, buni zinaelea kama mende. Harufu ya kigeni kabisa, nikajua ndiyo yenyewe.

Nikaibeba mpaka kwa kina Goretti. Wanjala alikuwa amekwishafika, mikono mitupu, anapiga hadithi. Nilikuwa nimejiandalia sentensi mbili. Likatoka neno moja tu: "Supu."

Mama yake Goretti, Mama Benedeta, akaonja na kutema uani. "Hii kitu iko nini, mtoto wangu? Nani amekutuma?"

Wanjala akachungulia sufuria. Akauliza kama ni ya kunywa au ya kupaka ng'ombe kuzuia kupe.

Goretti hakucheka. Alichukua bakuli akanywa, akatafuna buni moja moja, kraa, kraa, akiniangalia mimi muda wote. Hakufumba macho hata kidogo. Akamaliza. Akaomba nyingine!

Nikakimbia. Sijui kwa nini. Sufuria ya Mama imebaki kule.

Jumapili, 23 Januari

Baada ya misa Goretti alinijia, macho mekundu kama nyanya. Akasema hajapata hata lepe la usingizi, amekaa akiwaza. Nikamwomba radhi kwa ajili ya kahawa. Akasema hasemi habari ya kahawa. Nikaomba radhi tena, kwa chochote alichokuwa akisema. Akashusha pumzi, akaenda zake.

Sista amerudi. Nikajikaza, nikamweleza. Alishikilia mlango asianguke kwa kicheko. Bun ni tambi! Tambi za mchele, nyembamba, nyeupe. Na iko nyingine ya ngano, ya njano, huko wanaiita mi. Mi, akasema, kama mtu aliyeanza kusema mimi akakatizwa.

Tambi. Niliziegemea kwa mgongo wangu mwenyewe. Na leo duka limefungwa.

Jumatatu, 24 Januari

Amekwenda.

Stesheni nilisimama nyuma ya mizigo. Alinitafuta kwa macho, nikainama kufunga kamba za viatu. Leo nimevaa kandambili. Treni ikapiga king'ora, ikajivuta. Hapo ndipo nikatoka, nikakimbia kando ya behewa, mdomo wazi, bila neno hata moja.

Goretti akatoa kichwa dirishani, machozi tele, akapaza sauti: "Rasto! Mi nakungoja Kampala!"

Wanjala, aliyekuwa amesimama karibu, akavua kofia. Akanishika mkono, akasema, "Bwana, umenishinda." Ameshindwa nini? Huyu hata tambi hazijui.

Mimi nimemwelewa. Wasichana wa upande huu hawajali sarufi, mwalimu angemchorea wino mwekundu. Alitaka kusema mi *inakungoja*. Maana yake huko Kampala iko mi, ile ya njano, na anaipenda kuliko buni yangu. Mpaka anaondoka, mawazo yote ni kwenye chakula!

Bado nazisikia reli masikioni. Ningempenda hata akikosea sarufi maisha yake yote.

Shangazi Edah amesema twende naye Kampala wiki ijayo, nafasi ipo. Nimekataa. Niende kufanya nini, mikono mitupu? Nabaki hapa kujifunza kukanda ngano.