Fundi Cherehani Hawezi Kupumzika Chini ya Kinyozi

Kwa Ndugu Msimamizi wa Ukuta wa Majivu,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni mjane wa fundi cherehani aliyechomwa, kama alivyotaka mwenyewe, na majivu yake mkayaweka kwenye shubaka la upande wa bomba la maji. Sina ugomvi na kuchomwa. Ugomvi wangu ni jirani mliyempa.

1. Juu yake mmemweka kinyozi. Hawa wawili walipanga vyumba vya biashara vilivyopakana, wakanuniana miaka mingi kwa sababu ya redio ya kinyozi. Mume wangu alistaafu mapema ili aepukane na redio ile. Ninyi mmemrudisha.

2. Mke wa kinyozi huleta maua marefu kupita kiasi. Yananing'inia mpaka yanaziba picha ya mume wangu, na maji ya chombo humdondokea usoni. Nilipomwambia, alinijibu kwa upole kwamba marehemu wangu siku zote alikuwa mtu wa kulalamika. Ni kweli, lakini haimhusu.

3. Mama huyo humsimulia mumewe habari zote za nyumbani, tena kwa sauti: binti kaposwa, paa linavuja, shemeji kahamia bila kualikwa. Mume wangu hana pa kwenda. Analazimika kusikiliza, nami pia, na sasa nakosa usingizi kwa kumfikiria huyo shemeji.

4. Bango lenu la langoni linaeleza kwamba watu wa kale walitia majivu katika vyungu wakavizika. Wengine wakachimba nyumba chini ya ardhi, zenye matundu ukutani kama ya njiwa, ukoo mmoja chumba kimoja. Kumbe zamani hizo walijua nani akae na nani. Kwa hiyo naomba kinyozi ahamishiwe ukuta wa pili. Ikishindikana, mchimbieni mume wangu chumba chake chini ya ardhi, chenye mlango na komeo la ndani.

Nisalimie mtunza bustani, mlinzi, na wote walio ukutani isipokuwa mmoja.

Ni mimi, ninayesubiri kwa heshima,
Mjane wa fundi cherehani

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Jumapili ilipita na mama yule hakuja. Nasikia magoti yamemshinda. Nilikaa peke yangu na kimya kikanizidi. Mwishowe nikafuta mashubaka yote mawili, nikamweleza kinyozi kwamba mkewe anaumwa, asije akadhani ameachwa. Tafadhali msimhamishe mtu. Ila mkiweza, wekeni pale benchi lenye pa kuegemeza mgongo. Sisi wawili tumezeeka.