Nilivyomhukumu Ng'ombe wa Kogo

Leo sina pa kuweka uso. Na si mbele ya watu wawili watatu, ni mbele ya wamama wote wa kanisa.

Nyanya yangu, tunamwita Kogo, anaishi karibu na Kapkatet. Ana ng'ombe mmoja, Chelel, anayempenda kuliko sisi wajukuu (hatulalamiki, Chelel anatoa maziwa). Wiki hii Chelel alianza kuchechemea. Daktari wa mifugo akaja Jumatatu, akamwangalia mguu, akasema atatuma meseji. Ikaingia jioni hiyo hiyo, kwa Kizungu. Kogo akanipa simu nimsomee, kwa sababu msomi wa hii boma ni mimi (nilipata B ya Kiingereza, na huwa naitaja kila Krismasi).

Ilisema: "I have put Chelel down for Thursday morning. Keep her feet dry."

Hiyo put down naijua. Mnyama akishindikana, daktari anamuua asiteseke. Nikamshika Kogo mkono, nikamwambia polepole kwamba Chelel atauawa Alhamisi, na miguu yake iwekwe mikavu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia hicho ni Kiingereza cha kawaida. Akauliza, sasa mbona miguu iwe mikavu? Nikasema daktari hapendi matope (sijui hata hilo jibu lilitoka wapi).

Kogo alilia siku mbili.

Leo ndiyo Alhamisi. Nilichuma chai kidogo tu, nikakimbia kwake. Nikakuta wamama wamejaa uani wanaimba nyimbo za kuaga. Chelel alikuwa amefunikwa leso mpya mgongoni, anatafuna ndizi kama bibi harusi. Mchinjaji ameketi kando na visu vyake kwa gunia. Mimi ndiye niliyemwita.

Wakaniomba niseme machache. Nikasema, tena vizuri. Nilimshukuru Chelel kwa kunisomesha. Nikalia.

Hapo ndipo daktari akaingia na pikipiki. Akavua helmeti kwa heshima, akamuuliza Kogo ni nani amefariki. Kogo akamwonyesha Chelel. Daktari akamtazama Chelel. Chelel akaendelea na ndizi.

"Mimi nimekuja kumpunguza kwato," akasema. "Zimekuwa ndefu. Niliandika kwamba nimemweka kwa list ya Alhamisi."

Wamama wote wakanigeukia. Nikaanza kueleza kwamba put down ina maana nyingi: kuweka chini, kuandika jina, kudharau mtu, kuua. Kogo akanisikiliza hadi mwisho.

"Na kwa hizo zote," akaniuliza kwa upole kabisa, "wewe ukachagua kuua?"

Mama mmoja akaguna, mwingine akaficha uso kwa kitambaa, kisha uani kote kukawa kicheko. Mchinjaji akaomba simu, akasoma meseji, akasema mbona yeye ameielewa.

Kwato zilikatwa, Chelel akatembea sawa, na sasa Kogo ametangaza kwamba meseji zake atakuwa anasomewa na mchinjaji. Tafadhali msicheke.