Kahawa Niliyokaanga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeropoka. Tena mbele ya mama mkwe!

Tulikuwa kwake, chakula cha jioni. Marehemu baba mkwe aliacha chumba cha duka mbele ya nyumba, kona safi, watu wanapita kutwa nzima. Tangu msiba kimefungwa. Leo mama mkwe katangaza kwamba anataka kifunguliwe mgahawa mdogo wa kahawa, na atakayeuendesha ni mmoja kati yetu wawili: mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Moyo ukaruka. Nimechoka kupigia watu fotokopi! Mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nimeanza kujiona nakala.

Shemeji akaniwahi. Suti mwilini, mfuko unaong'aa mkononi. Kahawa iliyokaangwa na wataalamu. Akahubiri: mashine, vipimo vya joto, sijui harufu ya matunda. Mgahawa wenye akili, akasema, hununua kwa anayejua kukaanga. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Kile kichwa kilinichoma.

Nikajisikia nikisema kwamba kununua kahawa iliyokaangwa ni sawa na kumlipa mtu akutafunie chakula. Na kwamba mimi hukaanga yangu mwenyewe, nyumbani, miaka na miaka.

Mke wangu akageuka, akanitazama. Afadhali angenikana hapo hapo.

Mama mkwe kafurahi. Jumapili kila mtu aje na yake, ataonja, ataamua.

Sijawahi kukaanga hata punje moja.

Jumanne, 4 Machi

Buni mbichi nimezipata sokoni. Rangi ya kijani, ngumu kama changarawe. Muuzaji kauliza kama nina mashine. Nikamwambia nina mikono.

Kikaango, moto mkali, mwiko. Nikakoroga weee, hakuna kitu. Simu ikalia. Nani? Shemeji! Eti kama nahitaji mizani ataniazima. Kejeli tupu. Nikamjibu kwamba mizani yangu ni pua. Kabla sijamaliza, jikoni kukaanza: ta! ta! ta!

Nilipofika, moshi ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi kifuani. Maganda yanaruka yakiwaka. Pacha wetu wakakohoa kwa pamoja kama kwaya. Jirani wa juu akaja kugonga mlango kwa ngumi: nguo zake zote kambani zinanuka kama gari moshi! Nikasema ni dawa ya mbu. Akasema habari za mbu hajui, ila yeye karibu afe, na safari nyingine anamwita mwenye nyumba.

Nimeonja. Mkaa. Mke wangu naye kaonja, akauliza kwa upole kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia ni mtindo.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilitumia moto mdogo. Buni hazikupasuka kabisa. Upande mmoja kahawia, upande wa pili kijani. Ukiinywa, ni supu ya nyasi. Shemeji katuma picha ya punje zake, moja moja, zimepigwa mwanga kama bibi harusi. Nilizitazama mpaka chai ikapoa.

Leo nimegundua kosa liko wapi. Si langu, ni la kikaango! Kinachotakiwa ni hewa ya moto izunguke kila punje. Na nani katika nyumba hii ana hewa ya moto? Mke wangu! Ni msusi, na draya yake alikuja nayo jana kubadilisha plagi. Mwenyewe katoka kwenda kwa mama yake.

Buni nikaziweka kwenye chujio la bati. Draya mpaka mwisho. Nikashikilia hadi mkono ukafa ganzi. Maganda yalipeperuka vizuri ajabu: kitandani, kwenye sukari, kwenye sare za pacha. Punje zikaanza kugeuka rangi! Nikapiga kelele za furaha.

Ndipo draya ikakoroma kama mbuzi aliyekabwa, pua yake ikalainika, ikainama. Ikazima.

Nimeificha nyuma ya kabati. Kesho mke wangu ana bibi harusi wa kutengeneza nywele. Nasikia hatua zake ngazini.

Ijumaa, 7 Machi

Kaiona. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, draya mapajani, kama anayeuguza.

“Baba Pacha,” akasema, “mwambie mama ukweli. Atacheka, yataisha.”

Nikamwambia mwanamume hakimbii vita. Akauliza vita gani, mbona ni kahawa? Akajifunga kanga, akaenda kuazima draya kwa msusi mwenzake, mtaa wa pili. Bibi harusi akasubiri na nywele zinachuruzika maji. Nimeona haya. Kiasi.

Lakini kurudi nyuma haiwezekani tena, kwa sababu leo nimefanya jambo. Bosi alinikemea mbele ya wateja kwa karatasi iliyokwama. Nikamwambia ajiandae, huenda asinione hapa muda mrefu. Nilitegemea anishike mkono. Akasema sawa, kuna kijana jana kaja kuulizia kazi.

Sawa! Basi? Sawa tu?

Sasa ni chumba kile au barabarani. Usingizi haupo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mkaangaji mwenyewe, yule yule wa shemeji. Kofia hadi machoni, barakoa hadi kwenye kofia. Mwanamama mnene mwenye aproni. Nyuma yake mashine kama pipa linazunguka polepole, na harufu iliyotoka humo ilinifanya nitake kulia.

Kauliza nakunywa ipi. Nikasema si yangu, ni ya rafiki, naye hukaanga nyumbani. Akacheka vizuri. Wengi wanakaanga nyumbani, akasema, na wanapata kahawa tamu. Mradi mtu akaange kidogo kidogo, asiache mwiko, asikimbilie kuinywa siku ile ile. Unakunywa iliyokaangwa juzi tu, inanukia nyumba nzima, raha yake ni hiyo. Ila mwenye mgahawa anataka ladha ya leo iwe ndiyo ya kesho, na hapo mkono huchoka, mashine haichoki. Akanivutia kiti: nikae, kuna mzigo unaingia sasa hivi, nitazame bure, nikamfundishe rafiki yangu.

Nikakataa. Mtu aliyekaanga miaka na miaka atakaaje kufundishwa?

Nimenunua. Mfuko nimeutupa kwenye jalala la mtaa mwingine. Buni zimeingia kwenye chupa yangu, zote sawasawa kama askari wa gwaride. Hapo nikashtuka: zimependeza mno! Shemeji atajua. Nikachanganya kiganja kimoja cha zile zangu za Jumanne, zipate sura ya nyumbani.

Mke wangu alinikuta natikisa chupa. Akanusa. Akaniuliza ni zipi hizi. Nikasema ni zangu, mkono umeshazoea. Akaondoka jikoni bila kuchukua alichokuja kuchukua.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Vikombe viwili mezani. Mama mkwe akaonja cha shemeji. Akakitua mezani. Shemeji akalegeza tai. Akaonja changu. Akafumba macho. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga kama nyundo.

“Hii,” akasema.

Hii! Ya shemeji ni nzuri, haina kasoro, akasema, lakini hii ina moshi kwa mbali, kama ya marehemu mama yake, aliyekuwa akikaanga jikoni yeye akiwa mtoto. Moshi! Kile kiganja changu! Shemeji akawa rangi ya majivu. Mimi nimeshasimama, nasafisha koo kwa hotuba.

Mama mkwe akaingia ndani, akarudi na buni mbichi, kikaango na jiko dogo la gesi. Machozi yanamlengalenga. Nimkaangie pale pale, akasema. Anataka kuzisikia zinavyopasuka, kabla hajanipa ufunguo.

Mke wangu akanitazama. Nilijua ananiomba nini. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, sentensi moja tu. Nikafungua mdomo.

Nikasema niletewe mwiko.

Mwanzo mambo yalikwenda. Nilikoroga bila kusimama. Rangi ikageuka, harufu ikapanda, ta, ta, na mama mkwe akacheka kama msichana. Basi nikanogewa! Nikaongeza moto. Nikaanza kuzirusha hewani kama mpishi wa hoteli. Maganda yakashika cheche, cheche zikashika pazia, na pazia likapanda moto kwa sauti kama kitambaa kinachochanwa. Nikalikamata kwa mkono! Mke wangu akamvuta mama yake nje. Nikabaki nimeganda, napuliza. Napuliza moto!

Aliyeuzima ni shemeji. Alivua koti la suti, akalifunika pazia, akalikanyagakanyaga kwa viatu vyake vya kung'aa mpaka pakabaki moshi. Kisha akanishika bega, akauliza kama nimeumia sana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Uani, mke wangu akasema yote. Draya, chupa, miaka na miaka. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, masizi kwenye paji la uso.

“Mwanangu,” akaniambia, “wewe hukaangi buni. Unabuni.”

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikaribia.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba kimekwenda kwa fundi cherehani. Mama mkwe kasema uzi hauwaki haraka. Shemeji kanuna, anasema kahukumiwa kwa kosa lisilo lake, na kweli.

Mchana mke wangu akanituma kwa bosi nikaombe radhi. Nimeomba. Yule kijana hakutokea, basi nimerudi kwenye mashine ya fotokopi, naikandamiza kwa mkono wa kushoto. Jioni nikamwahidi mke wangu: kuanzia leo, kazi ya mtu nitamwachia mwenyewe. Niliahidi kwa moyo wote. Akanishika mkono mzima, akanipa koti la shemeji, limeungua kiwiko na pindo. Jumamosi anasimamia harusi nalo. Nimpelekee yule fundi cherehani alitengeneze, nimwombe na msamaha.

Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikachungulia. Anakata, anashona, anakata. Hana hata jasho!

Nimerudi nalo nyumbani. Nimelilaza juu ya meza, mlango nimeufunga. Kiwiko kilichoungua nimeshakitoa, kimetoka vizuri kabisa, pamoja na mkono wenyewe. Sasa nakata na ule mwingine, ili ilingane.